Juisi ya Tabaka: Ujuzi wa Tunda au Ujanja wa Sukari?

Juisi ya rangi tatu au nne, kila rangi imekaa juu ya mwenziwe bila kuingiliana, imetoka kwenye kaunta za hoteli ikaingia majumbani. Utaikuta kwenye meza ya futari, kwenye kikao cha posa, hata kwenye mahafali ya watoto wa chekechea. Wapo wanaoifurahia, na wapo wanaoiona kuwa kazi ya kuwachosha wapishi bure.

Mjadala huu unazikutanisha sauti mbili za Unguja. Ya kwanza ni ya Shangazi, mpishi wa shughuli, ambaye juisi zake za ukwaju na stafeli zimeshawapoza walioalikwa kwenye harusi nyingi. Ya pili ni ya Mpwa wake, anayetengeneza vinywaji visivyo na kileo kwenye kaunta ya hoteli ya ufukweni. Hoja iliyopo mezani ni hii: glasi ya tabaka inastahili kutengenezwa katika nyumba ya kawaida. Mpwa anaitetea, Shangazi anaipinga.

Mpwa: Shikamoo, Shangazi.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Anza wewe. Mwenye jambo geni ndiye wa kulieleza.

Mpwa: Si geni sana. Wewe mwenyewe, ukipika biriani, wali unautia zafarani na rangi ya njano, na masala yake unayapika mbali. Kwenye sinia wali unakaa wake na masala yanakaa yake. Hakuna mgeni aliyewahi kukwambia, "Bi mkubwa, ungekoroga tu sufuria moja tukamaliza." Kupanga chakula kwa rangi ni kumheshimu anayekula. Kwa nini heshima hiyo iishie kwenye sahani isifike kwenye glasi?

Shangazi: Zafarani ina harufu yake na ladha yake, mwanangu, haikutiwa pale kwa rangi peke yake. Sasa niambie kuhusu hizo glasi zenu. Nimeziona. Chini kuna wekundu wa chupa, katikati juisi ya machungwa ya paketi, juu buluu. Ile buluu ni tunda gani? Nionyeshe mti wake.

Mpwa: Buluu siitetei. Ile ni sharubati ya sukari iliyotiwa rangi ya kiwandani, ile inayoandikwa E133 kwenye lebo. Tunda la kutoa buluu ya namna ile sijaliona kwenye soko la Darajani wala la Mwanakwerekwe.

Shangazi: Na huo wekundu?

Mpwa: Unaitwa grenadini. Asili yake ni komamanga lililochemshwa na sukari. Chupa nyingi za leo, ukisoma lebo, utakuta sukari, asidi na rangi. Komamanga limebaki kwenye picha.

Shangazi: Basi nusu ya kesi umenipa mwenyewe.

Mpwa: Nimekupa chupa, Shangazi. Glasi bado ninayo.

Shangazi: Haya, tuingie jikoni. Mimi nimesaga matunda tangu hujazaliwa, na ninajua juisi mbili zikikutana zinachanganyika. Nyinyi mnazizuia kwa kitu gani?

Mpwa: Hotelini tunazizuia kwa uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukiyeyusha sukari, lita ileile inakuwa nzito zaidi. Sharubati iliyopikwa kwa kilo moja ya sukari na lita moja ya maji, ukipima lita yake moja, ni karibu kilo 1.23. Juisi ya tikiti haifiki hata kilo 1.05, kwa sababu tikiti ni maji zaidi kuliko sukari. Kwa hiyo sharubati inatangulia chini na tikiti linakaa juu. Unamimina taratibu juu ya barafu au kwenye mgongo wa kijiko, ili juisi ya juu isianguke kwa kishindo na kuichimba ya chini. Anayejua kipi kina sukari nyingi na kipi kina kidogo anaweza kupanga rangi tano.

Shangazi: Nimekuelewa, na hapo ndipo ninapokataa. Kumbe sukari haikuwekwa ili mtu aonje utamu. Imewekwa iwe nanga! Ukitaka tabaka moja zaidi unaongeza sukari, na ukitaka mpaka uonekane vizuri unaongeza tena. Mwisho mgeni anakunywa sharubati iliyovaa kanga tatu.

Mpwa: Ukwaju wako hauna sukari, Shangazi?

Shangazi: Unayo, tena si haba. Ukwaju ni mkali wa kukunja uso, bila sukari haunyweki. Lakini sukari ile inapambana na ukali mpaka wanapatana. Ukiipunguza, juisi inasema. Sukari yenu haipambani na kitu. Imekaa chini inashikilia rangi.

Mpwa: Hilo nalikubali, na sikuja kutetea njia ya hotelini. Ipo njia ya pili, ambayo haihitaji sukari hata punje. Addis Ababa, nyumba za juisi huuza kinywaji kinachoitwa spris. Ni parachichi, embe na papai, kila kimoja kimesagwa peke yake kikawa kizito, vikapangwa kwenye glasi moja kwa tabaka. Pembeni unawekewa ndimu, na unaletewa kijiko. Tabaka zenyewe hazihitaji sharubati ya kuzishikilia.

Shangazi: Parachichi, hili embe mafuta letu?

Mpwa: Hilohilo.

Shangazi: Basi umejikwaa. Parachichi ni mafuta, na mafuta huelea. Kila anayekamua tui anajua: ukiliacha litulie, tui zito linapanda juu. Kwa kanuni yako ya uzito, parachichi ukiliweka chini litapanda.

Mpwa: Lingepanda kama lingekuwa jepesi la kutiririka. Ndiyo maana nimesema njia hii ni nyingine. Hapa anayefanya kazi si uzito, ni unene. Tunda likisagwa bila kuzidishiwa maji, nyuzi zake na ule utomvu unaogandisha jemu hushikana zikafanya kama wavu. Kitu kilichoshikana hivyo hakisogei mpaka ukisukume. Tofauti ndogo ya uzito kati ya parachichi na embe haina nguvu ya kulisukuma, kwa hiyo kila moja linabaki pale lilipowekwa.

Shangazi: Unachosema nakijua kwa mkono. Ninapotengeneza juisi ya ubuyu nikaacha unga mwingi, inakuwa nzito mpaka upawa unaacha alama. Stafeli nalo, ukilichuja bila maji, halimiminiki, linaanguka kwa mapande.

Mpwa: Hicho ndicho kipimo chenyewe! Hotelini tuna vipimo vya sukari. Njia hii inataka mtu anayeujua mwenendo wa tunda. Chota kwa kijiko, kigeuze: likitiririka, bado ni juisi ya kunywa, likianguka kwa pande, linafaa kupangwa.

Shangazi: Usinisifu ili nilainike. Nipangie glasi moja hapa, ya nyumbani, nione utakwama wapi.

Mpwa: Chini naweka parachichi. Nalisaga na maji kidogo sana na ndimu.

Shangazi: Si maziwa? Watu wote husaga parachichi kwa maziwa.

Mpwa: Hapa hapana, na sababu utaiona juu ya glasi. Ndimu inalizuia parachichi lisigeuke hudhurungi likipigwa na hewa. Pili, embe lililoiva, halitiwi maji kabisa, linapitishwa kwenye chujio ili nyuzi ndefu zibaki. Tatu, stafeli.

Shangazi: Stafeli usilitupe kwenye blenda na mbegu zake. Mbegu zile hazifai kuliwa. Liminye kwa mkono, toa mbegu zote, kisha ndiyo ulisage au ulisugue kwenye chujio.

Mpwa: Nimepokea. Kila tabaka nalishusha kwa kijiko, silimimini. Nafuta ukingo wa glasi kwa kitambaa safi, kisha glasi inaingia kwenye friji robo saa kabla ya tabaka jingine. Baridi inalizidishia tunda nguvu ya kushikana. Mpaka hapo nina kijani, njano na nyeupe. Juu kabisa naweka rozela iliyochemshwa, ikachujwa, ikapoa, bila sukari.

Shangazi: Rozela ni maji matupu. Itazama mpaka chini.

Mpwa: Haizami. Hapo kanuni ya uzito inarudi kutusaidia. Rozela isiyo na sukari ni nyepesi kuliko vyote vilivyo chini yake. Naweka vipande viwili vya barafu juu ya stafeli, namimina rozela juu ya barafu polepole, na inakaa yenyewe. Hotelini wekundu ndio uliokuwa chini kwa sababu ulibeba sukari. Hapa umepanda juu kwa sababu haukubeba kitu.

Shangazi: Hilo limekaa sawa. Na maziwa?

Mpwa: Rozela ni kali. Ikiyafikia maziwa au tui, yanakatika na kufanya chembechembe. Ndiyo maana nimesaga parachichi kwa maji. Mtu akinywa, kijiko chake kitapita tabaka zote, na sitaki kikutane na maziwa yaliyokatika.

Shangazi: Nanasi umeliacha kwa sababu gani? Ndilo tunda la bei nafuu msimu wake ukifika.

Mpwa: Nanasi lina maji mengi, na likisagwa linatengana: povu na nyuzi vinapanda, maji yanabaki chini. Halafu lina kimeng'enya kinachokatakata protini. Ukilichanganya bichi na maziwa ukaliacha likae, linakuwa chungu.

Shangazi: Uchungu huo naujua. Nilidhani ni maziwa yameharibika. Sasa twende kwenye afya, maana mimi daktari ameshaniambia niangalie sukari. Nyinyi vijana mkisema "tunda tupu" mnafikiri mmemaliza.

Mpwa: Hatujamaliza, ni kweli. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, na hiyo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25, yaani vijiko 6 hivi vya chai.

Shangazi: Juisi ya matunda imo kwenye hesabu?

Mpwa: Imo. Ndiyo maana nalitetea parachichi. Embe lina karibu gramu 14 za sukari katika kila gramu 100. Bilauri ya embe tupu ya gramu 250 ni gramu 34 au 35, imeshavuka kabla hujatia kijiko. Parachichi kwa gramu 100 halifiki gramu moja. Sasa chukua glasi yangu: gramu 80 za parachichi, gramu 80 za embe, gramu 60 za stafeli, na rozela isiyo na sukari. Embe linaleta gramu 11, stafeli karibu gramu 8. Jumla ni kama gramu 20.

Shangazi: Gramu 20 si sifuri. Mimi nitakunywa nusu glasi, na itakuwa siku ya mgeni.

Mpwa: Hiyo ni haki yako, na sisemi ni dawa. Ninachosema ni kwamba tabaka zimenilazimisha kuweka matunda matatu na rozela mahali ambapo ningeweka tunda moja tamu. Ningekuwa nasaga embe peke yake, glasi yote ingekuwa embe.

Shangazi: Kwenye hilo umenipata kidogo. Lakini hoja yangu kubwa bado sijaileta. Hiyo glasi inanywewaje? Mtu akitia mrija, unafika chini moja kwa moja. Anavuta parachichi na ndimu mpaka linaisha, na embe lote linabaki juu linamtazama. Akiona hivyo atakoroga. Akikoroga, kazi yako ya saa nzima inageuka tope la rangi ya kahawia. Nijibu hapo.

Mpwa: Mrija unatoka. Tunarudi kwenye kijiko.

Shangazi: Kinywaji cha kijiko?

Mpwa: Ndiyo. Glasi iwe fupi na pana, kijiko kiwe kirefu, mtu ateremke mpaka chini kila anapochota. Rozela kali inakutana na embe tamu mdomoni, stafeli linaleta harufu, parachichi linatuliza. Kila kijiko kina uwiano wake, na anayekula ndiye anayeupanga. Shangazi, si ndivyo unavyokula biriani? Wali kiasi, masala kiasi, kachumbari juu. Mpishi amekuwekea vyote, tonge unalifinyanga wewe.

Shangazi: Umenikamata kwa sahani yangu mwenyewe. Hata hivyo sikuachii hivihivi. Mtoto wa miaka mitano atakoroga.

Mpwa: Mwache akoroge. Ni matunda. Tope la matunda halimdhuru mtu.

Shangazi: Hapo ndipo nilipotaka ufike! Sharubati yenu ya hotelini ikikorogwa, inakuwa tamu ya kuchoma koo, kwa sababu ile nanga imepanda juu. Hii yako ikikorogwa inabaki juisi nzuri, japo imepoteza sura. Mimi huo ndio mtihani wangu wa kila kinywaji cha mapambo: kivunje sura yake, kisha kionje. Kama hakinyweki, kilikuwa pambo.

Mpwa: Kwa hiyo unakubali hoja?

Shangazi: Pole pole. Nina mambo mawili. La kwanza ni shughuli. Watu 300 wanakuja, jua la saa saba, juisi imo kwenye madumu ya barafu, vijana wanapita na majagi. Nani atapanga tabaka 1,200? Robo saa ya friji kwa kila tabaka, friji ya nani? Na umeme ukikatika?

Mpwa: Kwa shughuli sitetei. Juisi ya dumu ina kazi yake, na glasi ya tabaka haiiwezi. Hii ni ya watu wanne, ikizidi sana sita.

Shangazi: Zipo ndugu zake za hotelini zinazobebwa kwenye sinia kutoka jikoni mpaka ukumbini, na zikifika rangi zimeshakuwa moja.

Mpwa: Ile ya sukari ndiyo husumbuka hivyo, kwa sababu ni maji juu ya maji, yamezuiwa na tofauti ya uzito tu. Ya unene inabebeka. Kitakachotikisika ni ile rozela ya juu, nayo inamiminwa mgeni akishakaa.

Shangazi: La pili ni msimu. Wewe unaongea kama embe lipo mwaka mzima. Embe linaonekana kwa wingi kuanzia Novemba, na likiisha linaisha. Utanunua la bei ya dhahabu mwezi wa Julai ili upate njano?

Mpwa: Sitanunua. Papai lipo karibu muda wote, nalo linasagika zito. Stafeli likikosekana, ubuyu ulioloweka ukasugua ukachuja unatoa weupe na unene, pamoja na uchachu wake. Rozela ni kavu, inakaa kwenye mkebe. Siandiki orodha ya matunda kisha nikaenda sokoni. Naenda sokoni kwanza, rangi zinafuata kilichopo.

Shangazi: Hapo sasa umeongea kama mtu wa jikoni. Aliyeanza na rangi, rangi ikikosekana ataitafuta dukani, na kwa njia hiyo tunarudi kwenye ile buluu.

Mpwa: Na barafu, kabla hatujafunga?

Shangazi: Ya maji yaliyochemshwa. Hilo halina mjadala.

Sauti hizi mbili zilianza mbali kuliko zilivyoishia. Shangazi aliingia akipinga mapambo, lakini kila alipobanwa alionekana kupinga kitu kimoja hasa: kiungo kinachotiwa kwenye chakula kwa ajili ya sura, kisha kikaachiwa mlaji akimeze. Mpwa naye aliingia akitetea uzuri, lakini alishinda pale tu alipouacha ufundi wa kaunta yake na kuufuata ujuzi ambao Shangazi alikuwa nao siku zote, wa kujua ni tunda gani linashikana, lipi linatiririka, na lipi halipatani na maziwa.

Hoja inapita ikiwa na marekebisho. Glasi ya tabaka inastahili kutengenezwa nyumbani iwapo tabaka zake zinasimama kwa unene wa tunda lenyewe, iwapo idadi ya wageni inaruhusu, na iwapo soko la siku hiyo ndilo lililochagua rangi. Ikihitaji kilo ya sukari au chupa ya lebo ndefu ili isimame, sababu yake ya kuwepo imebaki kwenye picha tu.

Jambo moja halikupata mwafaka. Mpwa anashikilia kwamba mgeni aelezwe asikoroge. Shangazi anasema kumpangia mgeni namna ya kunywa ni kukosa adabu: mpe kijiko, mwache. Kwa kuwa glasi yenyewe imeshafaulu mtihani wa kukorogwa, katika hili tunampa ushindi Shangazi.